Kazi Moja, Malipo Mawili

Kuna sentensi moja ambayo kila kijana mwenye simu na bando la wiki ameshaisikia: "Unalipwa kulingana na thamani unayoleta." Inasemwa kwenye podikasti, kwenye semina za bure za hotelini, na kwenye video za dakika moja za jamaa aliyesimama kando ya gari ambalo huenda si lake. Ukitaka pesa zaidi, ongeza ujuzi. Jifunze kuandika programu, jifunze data, jifunze Kiingereza cha barua pepe. Soko litakuona tu.

Mimi ni mtu wa netiweki. Kazi yangu ni kupanda minara, kuvuta kebo, kufufua rauta zilizokufa kwa vumbi na joto, na kutunza seva moja iliyozeeka kabla ya wakati wake. Watu wa kazi hii tuna tabia moja: hatuamini kitu mpaka tukipime. Ukiniambia laini yako inabeba megabiti 50, nitachomeka kompyuta nione mwenyewe. Kwa hivyo nilipoanza kufanya kazi kati ya Lodwar na Kakuma, nilipata nafasi ya kuipima hiyo sentensi. Kakuma ni moja ya mahali pachache ambapo unaweza kuwaona watu wawili wakifanya kazi ileile, kwa saa zilezile, kwa vifaa vilevile, na karibu kitu kimoja tu kikiwa tofauti kati yao. Nimepima. Sentensi haikupita.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika huku: ukitoka Kitale, ukapita Kapenguria na Marich, ukaendelea mbele ya Lokichar, unafika Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Kwetu, mtu akisafiri kwenda Kitale, bado utasikia wakisema "ameenda Kenya", na hawatanii. Kutoka Lodwar barabara inaendelea kilomita kama 120 hadi Kakuma. Kambi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kukimbia vita. Kalobeyei iliongezwa jirani yake mwaka 2016. Leo pande hizo mbili zina karibu watu 300,000: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliochapishwa mwaka 2018, ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 ndani ya kambi. Huo ni mji. Na mji unahitaji walimu, wauguzi, wakalimani, mafundi wa maji, walinzi, na watu wa kompyuta.

Wengi wanaofanya kazi hizo kambini ni wakimbizi wenyewe, lakini hawapewi mshahara. Wanapewa kitu kinaitwa insentivu. Maelezo rasmi ni haya: mkimbizi hana kibali cha kazi, kwa hivyo hawezi kuajiriwa; anajitolea kuisaidia jamii yake, na shirika linampa kitu kidogo cha kumtia moyo. Mashirika hupatana viwango ili yasinyang'anyane watu. Kwa hivyo hata ukiwa fundi mkali namna gani, huwezi kuhamia shirika la jirani ukapate mara mbili. Hapo tayari ile hadithi ya soko litakuona imeanza kuyumba.

Nimefanya kazi na jamaa mmoja kutoka Kivu Kusini kwa muda sasa. Nitamwita mwenzangu, inatosha. Mimi nilisomea Eldoret, yeye alijifunza nusu kwao na nusu hapa kambini, kwa kompyuta za kuazima. Linux anaijua kunishinda. Mnara ukilala usiku, tunaamka wote. Swichi ikiungua, yeye ndiye huniambia ni ipi kabla hatujafungua kabati, kwa sababu anaijua netiweki ile kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Siku moja mtoto mmoja wa chuo aliyekuja kujifunza kazi alimuuliza mshahara wake unaingia tarehe ngapi. Akacheka. "Hii haiko mushahara, mudogo wangu. Hii njo ya sabuni."

Siwezi kutaja anachopata. Ni chake, si changu kutaja. Basi tuchukue namba za mfano tu, rahisi kwa hesabu: mmoja 80,000 kwa mwezi, mwingine 8,000. Sasa tuwape wote wawili ushauri uleule wa pesa ambao wewe na mimi tumepewa. Ule wa 50/30/20, uliosambazwa na Elizabeth Warren na binti yake katika kitabu chao cha mwaka 2005: nusu ya kipato iende kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyotamani, asilimia 20 kwa akiba. Wa kwanza anaweka 16,000 kila mwezi. Wa pili anaweka 1,600. Baada ya miaka 5, kabla ya riba yoyote, wa kwanza ana 960,000. Wa pili ana 96,000.

Angalia vizuri hapo. Nidhamu ni moja. Hakuna aliyekunywa pesa, hakuna aliyecheza kamari, hakuna aliyekosa mwezi hata mmoja. Mmoja ana msingi wa nyumba, mwingine ana dharura moja ya hospitali. Na hii ni hesabu ya upole, maana yule wa 8,000 akitoa nusu kwa mahitaji anabaki na 4,000 za kulisha nyumba mwezi mzima. Kwa ground hakuna kitu kama hicho. Kinachotokea ni daftari la mkopo dukani.

Sasa nitoe hoja ya upande wa pili, na niitoe vizuri, kwa sababu niliisikia kwanza nyumbani.

Nina binamu Lodwar mwenye diploma ya umeme na hana kazi. Nikimwambia habari za insentivu, ananiangalia hivi. "Wewe unawahurumia? Hao wanapewa chakula. Wanatibiwa. Watoto wao wanasoma. Sisi tunapewa nini? Jua?" Na si maneno ya wivu tu. Miaka na miaka wanawake wa Turkana wamebeba kuni na makaa hadi kambini kubadilisha na unga wa mgao. Wapo waliofua nguo na kuchota maji kwenye nyumba za wakimbizi ili wapate cha kupika. Mtu akiona hivyo tangu utotoni, hataki kusikia kwamba mkimbizi anaonewa. Hesabu ya binamu yangu ni hii: Mkenya analipa nyumba, chakula na karo kutoka kwa mshahara wake, mkimbizi hivyo vyote amelipiwa, kwa hivyo insentivu ukijumlisha na mgao ni kama mshahara. Usawa uko, umegawanywa tu mifuko miwili.

Ni hoja nzito, na ndiyo hata watu wa ofisini huitumia, kwa lugha laini zaidi. Lakini ni hoja inayoweza kupimwa, kwa hivyo niipime.

Kwanza, mgao hupewa mtu kwa kuwa mkimbizi. Jirani wa mwenzangu ambaye hafanyi kazi yoyote alikuwa anapata chakula kilekile. Kama chakula ni malipo ya kazi, basi jirani analipwa kwa kazi gani? Na kama si malipo ya kazi, huwezi kukihesabu kwenye malipo ya kazi. Huwezi kula kuku mmoja mara mbili.

Pili, tuseme nakubali: chakula ni sehemu ya mshahara. Basi chakula kikipungua, ile sehemu nyingine lazima ipande. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Katikati ya mwaka 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilishusha mgao kambini hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Baadaye mwaka huohuo familia zikagawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na waliohesabiwa kwamba wanajiweza wakatolewa kwenye mgao. Mimi nilikuwepo. Sikuona insentivu ya mtu yeyote ninayemjua ikipanda ili kuziba hiyo asilimia 72. Ule mfuko wa pili ulitajwa kila siku ulipokuwa umejaa, na ulipotoboka hakuna aliyeutaja tena.

Na kuna jambo la tatu ambalo binamu yangu hakulipenda, lakini alinyamaza nilipolisema. Kama shirika linaweza kupata fundi wa umeme kwa insentivu, litamtafuta fundi wa diploma wa Lodwar kwa mshahara kamili kwa nini? Bei ya chini ya mkimbizi inamshusha na yeye. Yule anayedhani ni mshindani wake ndiye mtu ambaye mshahara wake ukipanda, na yeye nafasi yake inapanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Toka 1992 mpaka leo ni zaidi ya miaka 30, na mgeni ameshalima sana. Methali haikusema akimaliza kulima apewe ya sabuni.

Hoja nyingine utakayoisikia ni ya sheria. Ati tungependa, lakini mikono imefungwa. Hii ilikuwa na uzito zaidi zamani. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema wazi kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya kipato au biashara, au taaluma ambayo sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika. Kuna hata kibali cha kazi cha wakimbizi, daraja M, kisicho na ada. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia huduma pamoja. Karatasini mlango uko wazi. Lakini kupata kibali ni safari: barua ya mwajiri, vyeti vilivyobaki kwenye nyumba iliyochomwa, ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuvifuatilia. Na mwajiri ana sababu gani ya kuhangaika na barua, wakati mtu huyohuyo anakuja kazini saa mbili kamili kwa insentivu?

Hapo ndipo sisi watu wa teknolojia tunanyoosha mkono. Tatizo ni mipaka? Intaneti haina mipaka! Mfundishe kijana wa Kakuma kuandika programu, mwunganishe na mteja wa Berlin, basi. Nimeisikia hiyo hotuba mara nyingi, na sehemu yake ni kweli. Kuna vijana wa Turkana na wa Kakuma wanaolipwa na wateja wa mbali kwa kuchora, kutafsiri, kutengeneza tovuti. Kule Loropio, ufukweni mwa Ziwa Turkana, kuna chuo cha teknolojia kilichochorwa na Francis Kéré, yule msanifu wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Minara yake ya kupitisha hewa imechukua umbo la vichuguu vya mchwa. Ni mahali pazuri na watu wanajifunza kweli.

Lakini angalia kinachotokea kazi ikishamalizika. Tovuti ya kutafutia kazi inataka kitambulisho, na kadi ya mkimbizi mara nyingi haimo kwenye orodha yake. Njia ya kupokea malipo inataka akaunti ya benki yenye jina lilelile. M-Pesa inataka laini iliyosajiliwa. Miaka mingi watu wengi kambini wametumia laini zilizosajiliwa kwa jina la Mkenya fulani, rafiki au mtu aliyelipwa kidogo. Maana yake kila shilingi ya jasho lako inapita kwanza kwenye jina la mtu mwingine, na siku mkikosana, au siku laini ikifungwa, huna pa kwenda kulalamika. Intaneti ilivuka mpaka wa Kenya vizuri tu. Ilikwama kwenye fomu ya usajili.

Na teknolojia ikifika kwa mtu asiye na nguvu, mara nyingine inageuka kuwa nguvu ya mwingine juu yake. Mwaka 2015 chakula cha mgao kilianza kulipwa sehemu yake kwa simu, kupitia mpango wa Bamba Chakula. Wazo lilikuwa zuri: badala ya kupanga foleni ya nafaka, mtu anapata thamani kwenye simu na kununua anachotaka kwa mwenye duka aliyeidhinishwa. Lakini mtu mwenye njaa tarehe 20 hawezi kungoja tarehe 1. Anakopa. Mwenye duka naye anataka uhakika. Kwa hivyo laini ya simu ikabaki dukani, na baadaye kwa wengine ikawa kadi ya benki, mpaka deni liishe, na deni haliishi. Kifaa kilichotengenezwa ili umaskini usikunyime uchaguzi kikawa rehani. Hakuna hitilafu yoyote kwenye programu. Ukiikagua, kila kitu kinafanya kazi.

Najua msomaji wa Nairobi hapa anafikiri hii ni hadithi ya mbali, ya kambi na vumbi na mathenge. Basi njoo karibu. Mei 2020, Mark Zuckerberg alitangaza kwamba wafanyakazi wa Facebook watakaohamia miji ya bei nafuu na kufanya kazi kutoka huko watarekebishiwa mishahara kulingana na wanapoishi. Kodi yao ileile, kompyuta ileile, mshahara mdogo. Kampuni kama GitLab kwa miaka iliweka hadharani namba ya kuzidishia mshahara kulingana na mahali. Kama wewe unaandika programu ukiwa Kilimani kwa kampuni ya Ulaya, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenzako wa Amsterdam anapata zaidi kwa mistari ileile. Ukiuliza, utaambiwa kwamba maisha Nairobi ni rahisi. Yaani una vitu vingine vinavyokufidia. Umeshaisikia wapi hiyo? Ni hoja ya binamu yangu, imevaa suti.

Umoja wa Mataifa wenyewe umejengwa hivyo toka mwanzo. Mfanyakazi wa kimataifa hulipwa kwa kanuni ya Noblemaire, iliyotoka enzi za Ligi ya Mataifa: apimwe kwa utumishi wa umma wa nchi inayolipa vizuri zaidi. Mfanyakazi wa nchi hulipwa kwa kanuni ya Flemming ya mwaka 1949: apimwe kwa waajiri bora wa pale alipo. Na mkimbizi anafuata kwa insentivu, isiyo na jina la mtu yeyote. Ngazi tatu, ua mmoja, mashine moja ya chai. Kila mmoja anaona ngazi iliyo juu yake ni dhuluma, na iliyo chini yake ni hali halisi.

Hilo ndilo linanisumbua, zaidi ya shilingi zenyewe. Kwa miaka nimelalamika kuhusu pengo kati yangu na jamaa wa kimataifa anayekuja kwa miezi sita, ananiuliza neno la siri la rauta, kisha anaandika ripoti. Hoja zangu zote juu yake ni za kweli. Na kila moja, ukiishusha ngazi moja, ni hoja ya mwenzangu juu yangu.

Kwa hivyo nifanyeje? Nimezipitia njia kama mtu anavyotafuta hitilafu, moja baada ya nyingine. Kuacha kazi: nafasi itachukuliwa na mtu mwingine wiki hiyohiyo, na mwenzangu atabaki palepale na fundi mgeni wa kufundisha. Kugawana naye mshahara wangu: nimemsaidia kwa shida kama yeye alivyonisaidia, lakini nikigeuza hilo kuwa mpango wa kila mwezi, nimechukua deni la shirika nikaligeuza kuwa fadhila yangu. Mtu anayedai haki yake atalazimika kuanza kunishukuru. Hiyo sitaki, na yeye hataki zaidi.

Halafu kazi yenyewe ikaniletea swali. Ofisi fulani tuliyoihudumia, sitaitaja, ilifunga mashine za alama za vidole za kurekodi saa za kazi. Mashine haikujua nani ni nani. Kidole ni kidole. Kwa mara ya kwanza watu wote wakawa kwenye jedwali moja, saa zikiwa zimepangwa kwa dakika, na ukilitazama huwezi kujua nani ni stafu na nani ni wa insentivu. Ukijaribu kubahatisha kwa saa, utakosea: waliokaa zaidi mara nyingi walikuwa wa insentivu. Baada ya mwezi nikaombwa nitenganishe ripoti. Stafu upande huu, insentivu upande ule. Kiufundi ni mstari mmoja wa maagizo, nusu dakika.

Nilimwuliza msimamizi kwa heshima, "Madam, tunatenganisha kwa sababu gani?" Akajibu kwa upole kabisa, "Ukiziweka pamoja zitaleta maswali." Nilithamini ukweli wake. Ndiyo sababu hasa.

Nilitenganisha ripoti, kwa sababu ni zao kuamua sura ya ripoti. Lakini jedwali la chini, lenye saa za wote, niliomba kwa maandishi libaki moja na lisifutwe, nikaeleza kwamba siku sheria itakapoulizia historia ya kazi ya mtu, hiyo ndiyo historia. Likabaki. Kuhusu mishahara ya watu, sikufungua faili ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, siri ya mtu haigeuki kuwa yangu kwa sababu nina neno la siri la seva. Ila kulikuwa na data moja niliyokuwa na haki nayo kamili: ya kwangu.

Nikachapisha hati yangu ya mshahara, nikampa mwenzangu aisome. Kwetu Kenya hilo ni jambo kubwa. Mtu atakuonyesha kidonda kabla hajakuonyesha hati ya mshahara. Alivaa miwani, akaisoma polepole kutoka juu. Nilidhani atasimama kwenye ile namba kubwa. Akaipita. Akasimama kwenye makato.

"Hii NSSF ni nini?" Nikamweleza: ya uzeeni, wanakata na mwajiri anaongeza. "Na SHIF?" Ya hospitali, ilianza Oktoba 2024, ilichukua nafasi ya NHIF. "Na hii ya nyumba?" Hiyo sasa usiniulize, nikamwambia, tukacheka. Halafu akasema kitu ambacho bado nakifikiria. "Ndugu yangu, mimi hakuna kitu wananikata. Hata kumi. Banakata tu mutu mwenye kuhesabiwa."

Vijana wa Kenya, mimi nikiwemo, tunaichukia ile sehemu ya chini ya hati kuliko kitu chochote. Mwaka 2024 watu waliingia barabarani kwa ajili ya kodi, na kwa sababu nzuri. Lakini ukiitazama kutoka alipoketi mwenzangu, kukatwa ni ushahidi. Inasema mtu huyu alifanya kazi, tarehe hizi, kwa mwajiri huyu, na akizeeka kuna mahali jina lake limeandikwa. Anayepewa insentivu anachukua pesa yake nzima, na miaka kumi baadaye kazi yake haiko popote. Hawezi kwenda kukopa nayo, hawezi kuidai, hawezi hata kuthibitisha kwamba ilikuwepo.

Kwenye kazi yetu kuna kanuni: kebo isiyo na lebo ni usumbufu, lakini kebo yenye lebo ya uongo ni hatari, kwa sababu mtu ataiamini. Neno insentivu ni lebo ya uongo. Linaifanya kazi ionekane hisani, na malipo yaonekane zawadi. Na neno thamani, kwenye ile sentensi ya podikasti, linafanya kosa hilohilo kwa upande wetu: linatufanya tuamini kwamba tulichopata ni kipimo cha tulichofanya. Ujuzi unasaidia, sikatai. Mwambie mdogo wako ajifunze. Lakini mwambie pia kwamba sehemu kubwa ya anacholipwa ni bei ya kitambulisho chake na mahali alipozaliwa, na hakuvitolea jasho. Ukilijua hilo utafanya mambo mawili: utadai chako bila aibu, na hutakaa kimya akidai aliye chini yako.

Mimi ninafanya yaliyo ndani ya uwezo wangu. Kila badiliko kwenye netiweki yetu lina jina la aliyelifanya, na majina yake ni mengi kuliko yangu. Nimemwandikia barua inayotaja kazi hizo moja moja, kwa tarehe, kwa ajili ya ombi lake la kibali. Kwenye mikutano ya bajeti naliita malipo, nikirekebishwa naliita malipo tena. Ni vitu vidogo. Havijaongeza shilingi hata moja mfukoni mwake mpaka sai.

Yeye naye ameanza jambo lake. Kila mwisho wa mwezi anachukua karatasi ya daftari na kujiandikia hati ya mshahara. Kwa ule mfano wetu wa 8,000, ingekuwa hivi: NSSF asilimia 6, shilingi 480. SHIF, kiwango cha chini kabisa, 300. Nyumba asilimia moja na nusu, 120. Jumla 900. Hizo 900 hazili. Anazipeleka kwenye chama chao cha pale mtaani, ambacho Wasomali wanakiita ayuuto, Waethiopia wanakiita ekub, na Wasudan sanduk, na wote wamo. Karatasi anazihifadhi kwenye faili la plastiki, mwezi juu ya mwezi.

Nilimwomba anionyeshe moja. Imepangwa vizuri kuliko ya kwangu. Chini kabisa, palipoandikwa mchango wa mwajiri, ambapo zingetakiwa kuwepo 480 nyingine, amepiga mstari na kuacha nafasi wazi.